Kabla hujaifungua hiyo bunduki ya hewa

Leo naomba niziweke kando siasa za bandari na bei ya unga, niingie kwenye jambo la ufundi. Kuna wenzetu wachache, pwani na bara, walionunua zile bunduki za hewa za kisasa, zenye mtungi wa hewa iliyoshindiliwa chini ya mtutu. Nikikutana nao nasikia lalamiko lile lile: bunduki ni mpya, imekula pesa nyingi, na bado haipigi inapolengwa.

Shemeji yangu anayeishi Lurambi, Kakamega, ni mmoja wao. Leseni anayo, mahali pa kupigia anapo, lakini risasi tano alizopiga kwenye karatasi umbali wa mita 25 zilitawanyika kwa upana wa kiganja. "Shemeji, hii kitu imenimalizia pesa na ni mbovu," aliniambia kwa simu. Tayari alikuwa amempata fundi wa pikipiki wa kumfungulia aone kuna nini ndani.

Hilo la fundi ndilo lililonitia hofu. Mtungi wa bunduki ya aina hii hubeba hewa yenye presha ya bar 200, na nyingine hufika 250 au kupita. Gurudumu la gari dogo lina bar mbili na kidogo. Kila mtu wetu ashaona au ashasikia gurudumu la lori lilivyomrusha kijana wa pancha. Sasa chukua presha ya gari dogo uizidishe mara mia, uiweke ndani ya chuma chembamba, kisha mpe mtu spana alegeze kizibo asichokijua. Kizibo kile kitatoka kwa kasi ya risasi. Kwa hiyo nilimwomba asubiri, na shule zilipofungwa nilikwenda nikakaa naye siku mbili. Nayaandika hapa tuliyoyafanya, kwa mpangilio wake, kwa sababu najua yupo mwingine Kisauni au Malindi ambaye naye ameshaishika spana.

Sheria na dini kwanza

Bunduki ya hewa ya nguvu hii si mchezo wa watoto. Sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, inahesabu kuwa silaha chombo chochote chenye mtutu kinachoweza kurusha kitu cha kudhuru. Kabla ya kununua au kuagiza, njia ni moja: Bodi ya Leseni za Silaha. Uingereza huruhusu bila cheti bunduki ya hewa ndefu isiyozidi nguvu ya takriban joule 16, na Ujerumani kikomo chao ni joule 7.5. Watu husoma hayo mtandaoni wakadhani yanawahusu. Sheria za kwao hazivuki bahari.

La pili ni uwindaji. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inawalinda ndege na wanyama wa mwituni. Lurambi iko karibu na Msitu wa Kakamega, wenye ndege wasioonekana kwingine nchini. Kima wakivamia mahindi, pa kupeleka malalamiko ni KWS. Na sisi Waislamu tuna zaidi ya hilo: Mtume (S.A.W.) alihimiza watu wajifunze kulenga, na akakataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya mazoezi. Karatasi na kopo vinatosha.

La tatu ni jirani. Risau dogo hili likikosa linaweza kuruka mamia ya mita, na kaunti ya Kakamega ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 1.8 mwaka 2019, wengi wao kwenye mashamba madogo. Nyuma ya ua wa mahindi kuna mtu. Shemeji alikuwa na sanduku la mbao alilolijaza matambara makuukuu, na nyuma yake tuta la udongo refu kuliko kimo cha mtu. Kama huna tuta, usipige.

Inavyofanya kazi

Mumias si mbali na Lurambi. Huko ndiko misafara ya babu zetu ilikofika karne ya 19, na ndiko Uislamu ulikoota mizizi zama za Nabongo Mumia. Walikwenda na magobori: unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia, unatia gololi, na kila mlio ni kipimo chake. Baruti ikizidi au ikipungua, gololi inakwenda kwingine.

Bunduki ya hewa iliyoshindiliwa ina tatizo lile lile kwa sura mpya. Si ngeni sana. Jeshi la Austria lilikuwa nazo tangu karibu mwaka 1780. Ukivuta kifyatulio, nyundo iliyo ndani huruka kwa nguvu ya springi na kugonga vali. Vali hufunguka kwa kitambo kidogo mno, hewa hupenya, husukuma risau ndani ya mtutu, kisha vali hujifunga. Kulenga vizuri maana yake ni kwamba kila mgongo wa nyundo utoe hewa ile ile, risau lipate kasi ile ile, na mtutu na darubini viwe vimetulia pale pale. Kila hatua tutakayopita inatafuta moja kati ya hayo matatu.

Anza nje

Usiguse ndani kabla hujamaliza nje. Kwanza, hakikisha hakuna risau ndani, mtutu umeelekea kwenye tuta, na kidole kiko mbali na kifyatulio. Kisha kagua skrubu za nje: zinazoshika kitako, zinazoshika mtutu, na zinazoshika vikuku vya darubini. Bunduki imesafiri kwa meli na kwa lori, na kutikiswa kunalegeza. Kaza kwa mkono mwepesi na kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, kama unavyokaza nati za gurudumu. Ukikaza upande mmoja sana unaibana darubini ikapinda.

Bunduki ya Lurambi tuliikuta na kikuku cha nyuma cha darubini kinacheza. Hapo tu ugomvi ulipungua nusu. Darubini ikihama hata kwa unene wa unywele, risasi yako ya mita 25 inahama kwa kiasi unachokiona.

Pili, simamisha darubini. Ndani yake kuna mistari miwili inayokatana kama msalaba. Tundika timazi ya mwashi kwenye mti mbele yako, iache itulie, kisha izungushe darubini ndani ya vikuku mpaka mstari wa wima ulale juu ya uzi wa timazi huku bunduki ikiwa imesimama sawa. Darubini iliyolala upande itakupa shabaha ya karibu sawa na ya mbali kando, na utailaumu bunduki bure. Na kama ina gurudumu la kupimia umbali, lisogeze mpaka ukitikisa kichwa kidogo mistari isihame juu ya karatasi.

Tatu, safisha mtutu. Mtutu mpya hutoka kiwandani na mafuta ya kuzuia kutu. Chukua uzi imara wa kuvulia, funga vipande vidogo vya kitambaa cha pamba, vuta kutoka nyuma kuja mdomoni mpaka kitambaa kitoke kisafi. Usisukume fimbo ya chuma kutoka mdomoni. Mdomo wa mtutu ndipo risau linapoagana na bunduki; ukikwaruzwa hapo, hakuna dawa rahisi. Baada ya kusafisha, piga risasi ishirini au thelathini kabla ya kutoa hukumu.

Hewa

Tumia hewa peke yake, kavu na safi. Usijaze oksijeni ya hospitali au ya mafundi wa kuchomelea hata siku moja. Oksijeni yenye presha kubwa ikikutana na grisi huwaka na kulipuka. Kwa sababu hiyo hiyo usitie mafuta ya injini kwenye pampu wala kwenye mdomo wa kujazia. Oringi zikihitaji kulainishwa, tumia grisi ya silikoni na kidogo tu.

Sisi wa pwani tumebahatika. Palipo na wazamiaji, kuanzia Diani mpaka Watamu, pana kompresa za kujazia mitungi yao, na mtungi wa mzamiaji hubeba takriban hizo hizo bar 200 za hewa iliyochujwa. Kwa mwenye mtungi uliopimwa na vifaa vinavyolingana, kujaza ni dakika moja, polepole. Lurambi hakuna bahari, kwa hiyo shemeji ana pampu ya mkono. Pampu hupata moto na ndani yake hujikusanya maji, hasa kule kwenye mvua za alasiri. Tulijaza asubuhi, kila viboko hamsini tukapumzika dakika tano, tukafungua kidogo maji yatoke. Usishtuke geji ikishuka kidogo baada ya kujaza. Hewa ya moto ikipoa presha hupungua. Ikiendelea kushuka usiku kucha, hapo ndipo pana mvujo, na kazi hiyo mpe fundi wa silaha mwenye kibali.

Kisha uliza: je, ina regileta? Hiyo ni kama ile ya mtungi wa gesi ya kupikia. Mtungi mkubwa una presha ya juu inayobadilika, lakini jiko linapata presha moja. Bunduki yenye regileta hupeleka kwenye vali presha moja mpaka geji ishuke chini ya kiwango kilichowekwa, na kuanzia hapo kasi huporomoka. Ya shemeji haina, na wengi walionunua za bei nafuu zao pia hazina. Hapa ndipo watu wanapojipoteza. Wanadhani mtungi ukijaa pomoni ndipo bunduki inapiga vizuri. Ukijaa mno, hewa yenyewe inaikandamiza vali, nyundo inashindwa kuifungua vya kutosha, na risau linatoka polepole. Presha ikishuka kidogo, vali na nyundo vinaelewana na kasi inapanda na kutulia. Ikishuka zaidi, hewa haitoshi na kasi inaanguka. Katikati ya hayo mawili pana uwanda tambarare, na hapo ndipo pa kupigia.

Kuutafuta uwanda huo unahitaji kipimakasi, lakini hata karatasi inatosha. Chora alama thelathini, jaza mpaka kiwango cha mtengenezaji na usikizidi, kisha piga kila alama mara moja bila kugusa darubini, ukiandika geji kila baada ya risasi tano. Utaona za mwanzo zimekaa chini, za katikati zimepanda zikalingana, za mwisho zimeanza kushuka tena. Soma geji pale zilipoanza kulingana na pale zilipoanza kushuka. Kuanzia hapo jaza mpaka namba ya kwanza tu, na acha kupiga ukifika ya pili. Ukifanya hivyo unapata kasi moja kwa risasi zako zote, na bega nalo linapumzika kwa pampu.

Marisau

Kila mtutu una chaguo lake, na halisomeki kwenye boksi. Marisau haya yana kiuno kama nyigu: kichwa mbele, sketi nyuma. Sketi ndiyo inayobana hewa na kushika mifuo ya ndani ya mtutu. Kwa mtutu wa milimita 5.5 utakuta ya gramu 1.03, ya gramu 1.175 na mengine mazito zaidi. Kwa wa milimita 4.5 yapo ya karibu nusu gramu. Mepesi yakienda kasi sana, karibu na kasi ya sauti ambayo ni kiasi cha mita 340 kwa sekunde, huanza kuyumba. Mengi hutulia kati ya mita 240 na 280 kwa sekunde.

Nunua aina tatu au nne, kopo moja moja. Kwa kila aina piga risasi tano mara tatu, kitako kikiwa juu ya mfuko wa mchanga, hewa ikiwa kwenye uwanda wako. Usiangalie kama zimepiga katikati ya karatasi. Angalia kama zimekaa pamoja. Kundi lililoshikana pembeni linarekebishwa kwa darubini, lakini zilizotawanyika kuizunguka katikati hakuna darubini itakayozikusanya. Sisi tulitupa macho kwenye aina nne; ile ghali kuliko zote ilikuwa ya tatu, na ile ya gramu 1.175 ikaweka matundu matano ndani ya sarafu ya shilingi kumi. Bunduki ni ile ile iliyokuwa mbovu wiki iliyotangulia.

Neno juu ya haya madini. Risasi ni sumu, na sisi wa Mombasa hatuhitaji kufundishwa na mtu. Owino Uhuru watoto waliumia kwa kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Usiweke marisau mdomoni, nawa mikono kabla ya kula, yakusanye yaliyotumika, na usipigie karibu na kisima au bustani ya mboga.

Springi na kifyatulio

Hapo tu, baada ya nje, hewa na marisau, ndipo unapofikiria skrubu ya springi ya nyundo, kama bunduki yako imewekewa ya kurekebishwa kwa nje. Ikikazwa, nyundo inagonga kwa nguvu zaidi; ikizidi, hewa inapotea kwa kelele bila kuongeza kasi. Ikilegezwa, uwanda unahamia kwenye presha ya chini. Fanya kama mpiga udi wa taarabu anavyofanya kabla ya ukumbi kujaa: anazungusha kigingi kimoja, anasikiliza, ndipo anagusa kingine. Robo mzunguko, piga karatasi, andika. Ukigusa vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kimekusaidia na kipi kimekuharibia.

Kifyatulio kiache kiwe na uzito. Mashindano ya mita 10 ya Olimpiki, yaliyoanza mwaka 1984, hulenga kitone cha nusu milimita, na wachezaji wake hutumia vifyatulio vyepesi mno. Lakini wao wako ndani ya ukumbi wenye waamuzi. Wewe uko uani na watoto wanapita. Bunduki inayofyatuka kwa kugongwa haifai hata ikiwa inapiga sindano.

Lurambi si Mombasa

Jambo la mwisho linatuhusu sisi tunaosafiri. Kakamega iko juu ya bahari kwa kiasi cha mita 1,500. Hewa ya kule ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Kwa hiyo pampu ya mkono inahitaji viboko vingi zaidi kufika bar zile zile, kwani kila kiboko kinameza hewa chache. Na risau likishatoka linakutana na upinzani mdogo, linahifadhi kasi yake na kupiga juu kidogo. Mita 25 hutaona tofauti. Mita 50 unaweza kuona milimita chache. Kwa hiyo ukiitengeneza Nyali kisha ukaipeleka Lurambi, au kinyume chake, piga karatasi upya kabla ya kusema imeharibika. Na usiiache kwenye buti la gari juani: kutoka nyuzi 22 hadi 50 presha ya mtungi hupanda karibu asilimia 10, na kama uliujaza mpaka mwisho, umeshauvusha mpaka.

Jumla ya vilivyotumika Lurambi ni timazi, uzi wa kuvulia, matambara, karatasi, makopo manne ya marisau na daftari. Spana ilikaza skrubu za nje, haikufungua kitu. Fundi wa pikipiki alikuja siku ya pili, akakaa nasi kwenye benchi akitazama geji, akauliza mtungi ule una presha ngapi. Shemeji alipomtajia, alicheka, kisha akanyamaza, akasogeza kiti chake nyuma.